Maegesho ya Zamani, Greenock

Tulianza na lami.
Si na sala, ingawa Mchungaji Ailsa alifungua kitabu;
upepo wa mto Clyde ulimgeuzia kurasa
kabla hajaifikia amina.
Akakifunga, akashika sururu.

Maegesho yalichorwa kwa magari arobaini.
Jumapili ile yalikuwepo matatu, moja halina tairi.
"Lami hii tunamtunzia nani?" Ishbel aliuliza kikaoni,
miaka themanini na moja, koti la mvua hadi magotini.
"Wenye magari tumeshawazika."
Torrance, mweka hazina, alikohoa,
akataja bima, akataja mitaro,
akainua mkono wa mwisho, lakini akauinua.

Mimi nilitoka zamu ya usiku,
vidole vinanuka dawa ya wodini,
nikapewa toroli linalolia kama mtoto wa paka.
Lami haikukubali upesi.
Ilibanduka vipande vipande, kama ukoko wa wali chunguni.
Chini yake changarawe, chini ya changarawe matofali,
kisha udongo,
mweusi, wa baridi,
haujaona jua tangu mwaka alioolewa Ishbel.
Akapiga magoti, wala si kwa kusali,
akachota kiganja, akanusa.
"Bado uko hai," alisema,
kama anayetoka kumjulia hali shangazi aliyelazwa.
Hapo ndipo nilipoitikia amina.

Tulizozana pia, maana kanisa ni watu.
Torrance alitaka waridi, safu kwa safu, kama gwaride.
Furaha wa Bukavu alitaka mihogo,
tukacheka, naye akacheka, ila macho yake hayakucheka.
Mchungaji alitaka mabenchi yakae duara.
"Na sisi wa nyuma tutakaa wapi?"
aliuliza Torrance, ambaye amekaa nyuma miaka thelathini.
Hakuna aliyemjibu.
Tuliyabeba mabenchi nje, mazito kama majeneza,
yana majina ya watoto waliochoshwa na mahubiri,
yamechongwa kwa ncha ya ufunguo.

Mama alinitumia mbegu za mchicha kutoka Muheza,
ndani ya bahasha, zimefungwa kwa karatasi ya daftari.
Zikaota. Siku kumi nilitembea kwa madaha.
Kisha baridi ya Juni, Juni kabisa,
ikazikunja usiku mmoja.
Nikanuna wiki nzima.
Ishbel akaja na miche kwenye vikopo vya mtindi:
mboga ya bibi yake, alisema, mboga ya wasio na kitu.
Nikaligeuza jani, nikaona mikunjo yake, bua lake.
Sukuma wiki!
Akataka maana. Nikamwambia:
inaisukuma wiki, mpaka mshahara ufike.
Alicheka hadi akashika uzio.
"Basi bibi yangu," akasema, "alisukuma maisha yote."

Ibada ya kwanza, mvua.
Si mvua ya kuanguka; manyunyu ya huku
husimama tu hewani, yakikungoja upite.
Kwaya ilikuwa watu sita na mwavuli mmoja.
Wino wa mahubiri uliyeyuka mikononi mwa Ailsa
hadi likabaki neno moja.
Akalisema.
Lori likapita, sikulisikia.
Sijauliza mpaka leo.
Nilimwona tu Torrance, kwenye duara,
amekaa karibu na lango,
akipangusa miwani ambayo haikuwa na haja ya kupanguswa.

Jana alfajiri, nikitoka kazini, nilipita pale.
Kwenye benchi alikaa Dougie wa ghorofa za mkabala,
yule anayefunga dirisha kengele ikilia.
Alikuwa akivuta sigara, majivu anayakinga kiganjani
yasianguke kwenye tuta.
"Hapa si kanisani, sivyo?"
"Si kanisani," nikasema.
Akatikisa kichwa, akavua kofia, akaiweka pajani.
Tukakaa. Shakwe walipiga kelele zao.
Muda ukapita, sijui kiasi gani,
sigara ikamzimikia mkononi.
Kisha akauliza
kama zile mboga
tunaziuza.